Tulipokuwa Tukijibizana kwenye Slabu

Nimestaafu kazi ya mjengo nikiwa katikati ya miaka ya arobaini. Mtu wa ofisi katika umri huo ndiyo kwanza anaanza kunenepa, lakini kwetu magoti yakikataa ngazi umestaafu. Hakuna aliyenikatia keki. Siku ya mwisho nilirudisha kofia ngumu kwa mtunza stoo, akaigeuzageuza kuangalia kama ina ufa, akasema asante, na huko ndiko kuagwa kwangu.

Siku hizi natembea. Natoka Dandora, hapa Nairobi, asubuhi bila safari yoyote, napita Kayole, nakata Umoja, na mara nyingi najikuta Pipeline nimeinua shingo natazama ghorofa. Ile yenye vibaraza vya kijani tuliijenga. Ile iliyo nyuma yake, ambayo jua halifiki mpaka saa sita, tuliijenga pia, na samahani kwa hilo. Walinzi hudhani natafuta nyumba ya kupanga. Mmoja alinionyesha chumba kabisa, nikaona haya kumwambia kwamba nilichokuwa nikitafuta ni kelele. Napita kwenye mijengo mipya nasikia pampu inavuta konkriti hadi juu, vijana wamevaa glavu, kila mtu na vipokea sauti masikioni. Kazi nzuri, safi. Lakini hakuna anayemtukana mwenzake, na mimi najikuta nimesimama getini kama mtu aliyefika arusini watu wakishaondoka.

Naandika haya kwa ajili yenu mlioingia kazini majuzi. Kuna siku mliniuliza pale kibandani, tukila madondo, kwa nini sisi wazee tunasema kazi zamani ilikuwa nyepesi na hali ilikuwa ikituvunja migongo. Siku hiyo sikuwa na jibu fupi.

Nilianza baada ya kidato cha nne, kwenye mjengo mmoja Umoja, kama mtu wa mkono, msaidizi wa fundi. Pampu hatukuijua. Konkriti ilichanganywa chini kwa koleo au kwa mashine iliyokohoa kuliko bibi yangu, ikajazwa kwenye karai, na karai likapanda ngazi likipita mkono hadi mkono. Tulijipanga safu moja kutoka chini hadi juu, wanawake kwa wanaume, na upande wa pili wa ngazi makarai matupu yakirudi. Karai lilipakwa oili chafu ya gari asubuhi ili konkriti isigande. Viganja tulivikinga kwa vipande vya tyubu ya gurudumu. Karai hulipokei kwa mikono, unalipokea kwa kiuno: mguu mmoja ngazi ya juu, unageuka nalo, unamwachia mwenzako kabla uzito haujafika begani. Nani aliwahi kuandika hilo mahali? Basi liwe limeandikwa.

Na slabu, ile sakafu ya konkriti ya kila ghorofa, ikishaanza kumwagwa haisimami. Ukiacha nusu ikauke, kesho ukiunganisha panabaki mshono, na mshono ni ufa unaosubiri. Kwa hiyo safu ilisimama tangu asubuhi hadi slabu iishe, mvua au jua.

Kila safu ilikuwa na mwenye mdomo. Wa kwetu alikuwa Mama Ayub, mwanamke wa Kitui, mpana, leso mbili kiunoni, anayesimama pale ngazi inapokata kona ili awaone wa chini na wa juu. Kazi yake ilikuwa kupokea karai kama sisi wengine na papo hapo kutuchokoza, mmoja mmoja, kuanzia chini kwenda juu, siku nzima. Siku yangu ya kwanza aliponifikia alisema kwa sauti ya kuita mbuzi:

"Na huyu mgeni! Hiyo miguu si ni ile miti ya kushikilia slabu? Nani ameiruhusu itembee?"

Ngazi nzima ikacheka. Mimi nikanyamaza, nikaona ndiyo adabu. Akanisubiri. Akarudia. Nikazidi kunyamaza. Basi akainua mkono, safu ikasimama, akashuka mpaka nilipo akanitazama machoni.

"Umekula nini leo?"

"Chai."

"Chai na nini?"

"Chai, mama."

Akanitoa kwenye safu. Nilijua nimefutwa kazi kabla ya kuijua. Kumbe aliniketisha kivulini, akamtuma mtu aniletee uji, akarudi kwenye kona yake kutukana wengine. Jioni akanieleza. "Hapa mtu akichokozwa anajibu. Sijali anajibu nini, anaweza kunitukana mimi. Akikosa kujibu, ujue pumzi yote imeenda kwa miguu, kwa kichwa hakuna kitu. Huyo ndiye atakuachilia karai kichwani."

Ndivyo ilivyokuwa. Matusi yale yalikuwa kipimo. Hatukuwa na kofia ngumu, wala daktari, wala mtu wa kutuuliza habari za presha. Tulikuwa na Mama Ayub akirusha neno na kusikiliza lirudi vipi. Likirudi haraka, uko salama. Likirudi limechelewa, anakubadilisha mahali. Lisiporudi, anakutoa. Miaka yote niliyofanya kazi naye sikuona mtu akianguka.

Msidhani kila kitu kiliruhusiwa. Kulikuwa na kijana mmoja, hodari wa mikono, aliyetaka sifa. Siku moja akamrushia dada mmoja kwenye safu neno kwamba tumbo lake ni kama stoo ya mkandarasi aliyefilisika, haliingizi wala halitoi. Dada yule alikuwa ameolewa muda mrefu bila mtoto na sote tulijua. Hakuna aliyecheka. Karai likaendelea kupanda kimya, na Mama Ayub akamwita yule kijana ashuke chini akachote kokoto peke yake. Siku ile nzima hakuna aliyemchokoza. Mnaweza kuona hiyo si adhabu. Kufika saa tisa alikuwa anaomba mtu amtukane.

Wafula ndiye aliyesimama juu yangu kwenye safu, ngazi moja mbele, karibu maisha yetu yote ya kazi. Alikuwa mtu wa Bungoma, mmoja wa Waluhya, wanaosemwa kwa kupenda kuku na ugali, kifua kama mlango, amenizidi umri kwa miaka michache. Tulihama pamoja kutoka mjengo hadi mjengo, yeye akipanga chumba mtaa wa Lucky Summer, mimi Dandora. Mimi ni Mkamba, watu wa ukame na vinyago. Jina langu ni Mutua lakini sidhani Wafula alilitumia zaidi ya siku za msiba.

"Wewe, kwenu mvua ikinyesha watu wanaita polisi!" alizoea kuniambia akipokea karai.

"Na kwenu kuku akisikia gari la mgeni anaandika wosia!"

"Bora kuku. Nyinyi mnakula nini? Mnachonga twiga wa mti mnamchemsha!"

"Wewe pokea karai. Ingekuwa sahani ya ugali ungekuwa umeshaifikisha juu!"

Hayo ndiyo mazungumzo yetu. Sikumbuki hata siku moja tuliyoketi tukaongea vizuri, kama watu kwenye redio. Lakini mama yangu alipolazwa, aliyeacha kibarua chake akaenda na mimi mpaka kijijini alikuwa Wafula, na njia nzima alilalamika kwamba vumbi la kwetu ni kubwa kuliko watu.

Mama Ayub alipochoka akarudi Kitui, mdomo ukabaki kwangu. Nilisimama kwenye kona yake. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na Wafula wa kunijibu, na safu ikisikia sisi wawili tumewaka ilikuwa inapanda kama maji.

Halafu ukaja ule wakati wa uchaguzi ambao hamhitaji niwakumbushe. Mitaani watu walianza kuitana kwa yale majina tuliyokuwa tukiitana kwenye ngazi, lakini sasa walioyasema walikuwa na mawe mkononi na hawakungoja kujibiwa. Tuliporudi kazini nilifungua mdomo nimwite Wafula kwa kabila lake, neno likakwama. Yeye ndiye aliyeanza. "Wewe wa ukame," akasema taratibu, kama mtu anayejaribu ngazi iliyooza, "mbona umenyamaza, mmekatiwa maji tena?" Nikajibu. Wengine wakacheka kidogo. Ilichukua slabu nzima kabla hatujazoea, na kuna wawili ambao hawakuzoea tena, wakaomba tuwaache, na tukawaacha. Kwa hiyo mkiniuliza kama watu wamekuwa wepesi wa kuumia siku hizi, nakumbuka wale wawili, na siwezi kusema walikuwa wepesi.

Kilichotumaliza sisi ni simu. Tulikuwa tukijenga Pipeline, ghorofa kwa ghorofa na wapangaji wa jirani, unaweza kumpitishia mtu chumvi dirishani. Mpangaji mmoja akaturekodi. Kwenye ile video unaniona mimi nikipiga kelele kuhusu Waluhya na kuku. Wafula haonekani, ukuta umemficha, na jibu lake halikuingia. Basi watu wakaona msimamizi mkatili anatukana vibarua kikabila. Mimi, msimamizi! Video ikazunguka, simu zikapigwa, mwenye jengo akaogopa jina lake. Tukaitwa kwenye kontena la ofisi.

Pale alikuwapo afisa mpya wa usalama, kijana anaitwa Kelvin, mpole, fulana yake ya kuakisi mwanga bado ina mikunjo ya dukani. Akamwambia Wafula, "Mzee, usiogope. Huyu akikutukana unajisikiaje?"

Wafula akafikiri. "Siku huyu ataniita kwa jina langu, nitajua nimefiwa."

Kelvin hakucheka, lakini pia hakukasirika. Akasema anaelewa, ila sheria ni sheria: hakuna kabila, hakuna umbo la mtu, hakuna majina ya utani. Kosa la pili mtu anaenda nyumbani. Badala yake yeye mwenyewe atapita kila asubuhi kuuliza kila mtu hali yake. Naye alifanya hivyo, hakuruka hata mmoja. "Uko sawa, mzee?" "Niko sawa." "Uko sawa, mama?" "Niko sawa." Sote tulikuwa sawa. Mtu mwenye homa, sawa. Mtu ambaye hakulala, sawa. Nani atasema hayuko sawa na kibarua kinalipwa jioni?

Safu ikanyamaza. Ulisikia makarai yakigongana na watu wakihema. Kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi karai lilivyo zito. Wafula alijaribu kunichekesha kwa macho, lakini macho hayatoshi ngazini.

Siku ya slabu ya ghorofa ya sita jua lilikuwa kali. Kelvin alikuwa amepita asubuhi, Wafula akamwambia yuko sawa, na mimi nilimsikia. Baada ya chakula cha mchana nikahisi kitu kwenye makarai. Yalikuwa yakitoka mikononi mwangu yanachelewa kupokelewa, si sana, kama pumzi moja. Nikamtazama Wafula mgongoni. Anaweza kuwa amechoka tu. Kila mtu alikuwa amechoka. Kelvin alikuwa amesimama chini kabisa akitazama juu, na kosa langu la kwanza lilikuwa bado bichi.

Ningeweza kumuuliza, "Uko sawa?" Angeniambia yuko sawa.

Nikavuta hewa. "Wewe Mluhya!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, ngazi nzima ikageuka. "Kuku wa kwenu wametuma salamu, wanasema leo wanapumzika maana umekuja kufa huku!"

Hakujibu.

"Wafula! Nimekutukania kwenu!"

Alikuwa ameshika karai kifuani amelikumbatia. Halishuki, haliendi. Nikapiga kelele safu isimame, nikapanda, nikalishika lile karai kabla hajaliachilia juu ya akina mama waliokuwa chini yetu. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea kama nguo kwenye kamba. Alikuwa akinitazama na mdomo ukifanya kazi, ukifanya kazi, na hakuna kinachotoka.

Tulimshusha kwa ubao. Kelvin hakuuliza nani alisema nini. Alikuwa ameshasimamisha gari barabarani tulipofika chini, naye ndiye aliyekaa na kichwa chake mapajani hadi hospitali. Nataka hilo lisemwe. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba tumewahi. Jioni Kelvin aliniuliza nilijuaje, nikamwambia hakunijibu, akatikisa kichwa polepole. Kosa la pili hakulitaja kamwe. Ila slabu iliyofuata ilimwagwa kwa pampu, safu haikuitwa, na mimi magoti yangu yalikuwa yameshaanza kunisemesha. Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyoisha.

Wafula alirudi nyumbani Lucky Summer, mkono wa kulia hauna nguvu, maneno yameondoka. Anaelewa kila kitu. Binti yake Nekesa, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Baba Dogo, ndiye anayemlisha, kumwogesha na kumgeuza. Siku ya kwanza nilipokwenda kumwona niliingia na kazi yangu ile ile.

"Wewe, umelala hapo kama simiti iliyonyeshewa! Inuka, kuku wanakutafuta!"

Nekesa aliweka kikombe chini. "Anko Mutua, njoo nje kidogo."

Nje, kwenye korido, alifunga mlango nyuma yake. "Anko, nakuheshimu. Lakini baba yangu ni mgonjwa. Usimwite hivyo."

"Mimi na yeye, sisi..."

"Najua. Amenisimulia maisha yangu yote. Lakini wakati huo alikuwa anakujibu. Sasa atakujibu na nini? Unasema, unacheka, unaenda. Yeye anabaki nalo."

Hapo sikuwa na safu nyuma yangu. Nilimkumbuka dada yule wa kwenye safu na ngazi iliyonyamaza, na nikaona binti huyu hajawa mwepesi wa kuumia. Amesema tu jambo ambalo Mama Ayub angelisema kwa sauti kubwa zaidi.

Basi nikawa mtu wa adabu. Kila nilipokwenda nilibisha hodi, nikasema, "Habari ya asubuhi, Mzee Wafula. Umeamkaje?" Nikamsomea habari za mpira kwenye simu. Nikamwambia pole. Wiki baada ya wiki nikamwambia pole. Na Wafula akaanza kugeukia ukutani. Mwanzoni niliona ni uchovu. Baadaye akawa anafumba macho akisikia hodi yangu. Nekesa akasema hali chakula kama inavyopasa, hata mazoezi ya mkono amekataa, na wale wa hospitali wamesema asipojaribu sasa, kilichopotea hakitarudi.

Jumapili iliyopita nilikwenda tena. Nikamsalimu kwa jina lake lote, nikaketi. Akafumba macho. Nekesa alikuwa akikunja nguo mlangoni, ananitazama mimi, anamtazama baba yake, ananitazama mimi. Niliona akikumbuka kitu, ama labda alikuwa amekifikiria usiku kucha. Akaacha nguo.

"Anko Mutua," akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda kidogo, "baba anauliza umekuja kuona mgonjwa ama umekuja kuomba maji? Anasema kama kwenu yameisha, mtungi uko nje, chota uende."

Kitandani pakatoka sauti. Nikadhani anakohoa. Alikuwa anacheka, kwa nusu ya uso, machozi yakimtoka kwa ile nusu nyingine.

"Mwambie baba yako," nikasema, "mwambie maji nimeyaacha kwa sababu nimeona jogoo wake pale nje amefunga mizigo, anangoja gari la Bungoma. Nataka kujua amemfanya nini huyo ndege."

Nekesa alifungua mdomo amjibie. Halafu akaufunga, maana Wafula alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika blanketi. Midomo ilikuwa inahangaika, inajaribu, inaacha, inajaribu tena, na shingo imesimama mishipa kama ya mtu chini ya karai lililojaa.

"We..." akasema. "Wewe..."

Hakuendelea. Nekesa alitaka kumsaidia, nikamzuia kwa mkono. Nikavuta stuli karibu na kitanda, nikakaa kumsubiri amalizie.